Kupanga safari yako ya kwanza ya kuvua baharini kwa flai ukitokea Mwanza

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria anajua maji yasiyoondoka. Ziwa hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, na wakazi wa mwambao wa Mwanza wamewahi kuona maji yakisogelea nyumba, lakini ukilala leo ukaamka kesho utakuta mawe ya Bismarck yamezama kwa kiasi kilekile ulichoyaacha jana. Bahari haiko hivyo. Maji ya pwani yetu huondoka mara mbili na kurudi mara mbili katika muda wa siku moja na kidogo, na pale unapotaka kusimama kuvua panaweza kuwa mchanga mkavu saa nne asubuhi na pakawa maji ya kukuzamisha saa tisa alasiri. Kila uamuzi wa safari hii, kuanzia tarehe ya kuomba likizo hadi saa ya kunywa chai, unatokana na jambo hilo moja, na ndiyo sababu ninaanza nalo kabla ya kutaja fimbo, ndoano wala flai yenyewe, yaani chambo bandia cha manyoya na nyuzi.

Safari yangu ya kwanza niliipanga kwa kufuata kalenda ya kazini. Nilipata siku saba, nikasafiri hadi Kilwa Masoko, nikiwa na picha ya setilaiti iliyoonyesha fungu zuri la mchanga mweupe karibu na mikoko. Siku tatu mfululizo nililitafuta fungu lile na halikutokeza. Siku ya nne nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ngalawa yake ufukweni, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, “Mwanangu, mwezi mwandamo wa ngapi leo?” Sikujua. Akasema, “Umekuja maji mafu. Fungu lako liko palepale, ila maji hayatalifunua mpaka wiki ijayo.” Wiki iliyofuata nilikuwa nimesharudi ofisini Mwanza.

Kusoma maji ukiwa bado nyumbani

Watu wa pwani hugawa mwezi katika vipindi viwili vinavyopokezana. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, nazo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, zikifikia kilele siku moja au mbili baadaye. Maji mafu ni siku za katikati, mwezi unapokuwa nusu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa ndogo. Katika pwani ya Tanzania bamvua kubwa huweza kuwa na tofauti ya karibu mita 4, ilhali maji mafu huweza kuwa na takribani mita 1 tu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili, na kila siku ratiba yote husogea mbele kwa wastani wa dakika 50.

Liko jambo jingine ambalo mvuvi wa pwani analijua bila kufikiri, nawe unapaswa kulikariri. Siku za bamvua, katika sehemu kubwa ya pwani yetu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alfajiri na alasiri, kama saa kumi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yaani hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, ile inayogawiwa misikitini na kwenye maduka mengi ya Mwanza, unaweza kukadiria maji ya Kilwa au Mafia ukiwa umeketi Nyamanoro, papa hapa Mwanza. Kisha uhakikishe kwa jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na uendako, kwa maana makadirio ya mwezi hukupa siku na jedwali hukupa dakika.

Mimi humshauri anayeanza apange siku sita za kuvua kuanzia mwezi mwandamo wa 14 hadi wa 19, au kuanzia siku mwezi unapoandama hadi siku ya tano. Katika siku hizo maji hupwa kati ya asubuhi na mchana, kisha huanza kurudi jua likiwa juu, na hiyo ndiyo hali bora kwa mtu ambaye bado anajifunza kumwona samaki majini. Samaki wakubwa huingia juu ya mafungu pamoja na maji yanayojaa, wakifuata kaa, kamba na vidagaa, nawe unakuwa umeshawatangulia kwa miguu yako. Siku za mwisho za kipindi hicho tofauti ya maji hupungua na mwendo wake huwa mpole zaidi, jambo linalomfaa mtu aliyekwisha kuchoka.

Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, na ya sita moja. Chukua siku ambayo tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30, na utajisemea kwamba bahari ni pole. Saa ya tatu yatapanda sentimita 90, ambayo ni kutoka magotini hadi kifuani. Watu wanaopatwa na matatizo kwenye mafungu ni wale walioipima bahari kwa saa ya kwanza.

Baada ya mwezi angalia upepo. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, nao huwa mkali hasa katikati ya kipindi hicho. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kati ya kusi na kaskazi, yaani Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na hicho ndicho kipindi ninachokipenda, ingawa mvua za vuli huweza kukunyima jua siku moja au mbili. Februari hadi mwanzoni mwa Machi pia hufaa, ukistahimili joto. Masika yaache, kwa sababu mito huleta tope na maji huwa machafu usiweze kuona chochote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi, nao usomwe kila jioni ya safari.

Mahali na ruhusa

Vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa kuhusu Bahamas, Belize, Kiribati na Ushelisheli, na vinamsifu mno samaki mmoja wa fedha aitwaye bonfishi. Soma upate ufundi, lakini usiweke matumaini yako kwa samaki huyo katika pwani yetu. Hapa lenga kolekole, ambaye huvamia chambo kwa nguvu inayomshangaza hata mtu aliyezoea sangara. Pamoja naye utawakuta mzia kwenye kingo za mikondo, yaani njia za maji yenye kina kati ya mafungu, changu na chewa karibu na miamba, na kikande anayekula kwenye matumbawe yaliyovunjika. Mwatiko utamwona akipita makundi makundi, lakini chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu vidogo, kwa hiyo mwache apite.

Kwa safari ya kwanza ya kujipangia mwenyewe, Kilwa Masoko inanipendeza zaidi. Inafikika kwa barabara, kama kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, ina mikoko, mafungu na mikondo ndani ya ghuba zilizokingwa na upepo, na siku bahari inapochafuka unaweza kuvuka kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mafia ni tajiri kuliko Kilwa kwa samaki, ila inahitaji mipango zaidi. Unafika kwa ndege ndogo au kwa chombo kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na sehemu kubwa ya kusini mwa kisiwa, pamoja na Ghuba ya Chole, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Hifadhi hiyo ina kanda, na kuna kanda ambazo hakuna uvuvi wa aina yoyote. Kiingilio hulipwa, na kabla ya kulipia usafiri uliza kwa maandishi ni wapi hasa uvuvi wa burudani unaruhusiwa, kisha ulichapishe jibu ukaenda nalo.

Mtu wa Mwanza ana faida katika suala la ruhusa, kwa kuwa tayari anazifahamu BMU. Vikundi hivyo vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viko pwani kama vilivyo ziwani. Anza na ofisa uvuvi wa wilaya, uulize kuhusu leseni ya uvuvi wa burudani, kisha nenda kijijini ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya kijiji na kwa viongozi wa BMU kabla ya kukunjua fimbo. Wao ndio watakaokuambia ni mwamba gani umefungwa. Baadhi ya vijiji vya pwani, vikiwemo vya Mafia na Kilwa, hufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni anayepita juu ya mwamba huo amekosea hata kama hakushika pweza. Ukiwa unakwenda Unguja au Pemba, kumbuka kwamba Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi, na karatasi ya bara haitoshi.

Kwenye picha za setilaiti tafuta rangi. Mchanga wenye maji machache huonekana mweupe au kijani hafifu, nyasi za bahari huwa na rangi ya kahawia, na mikondo huwa na buluu iliyokolea. Unachokitaka ni fungu pana linalopakana na mkondo, na mkondo huo uwe unaelekea kwenye mikoko. Weka alama mahali pasipopungua patano, kwa sababu pawili patakuwa mashamba ya mwani, na hupaswi kutembea ndani ya kamba za akina mama waliozifunga kwa mikono yao.

Zana, chache na sahihi

Katika uvuvi wa ndoano na risasi tuliouzoea ziwani, uzito wa risasi ndio unaovuta nailoni kwenda mbali. Flai ni chambo bandia cha manyoya na nyuzi kisicho na uzito wa kutosha kusafiri peke yake, kwa hiyo uzito huwekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umefunikwa plastiki. Fimbo huupinda mshipi huo, nao hujikunjua hewani ukiibeba flai mwishoni. Namba ya fimbo hutaja uzito wa mshipi unaoifaa. Kwa vipimo vinavyokubalika, mita 9 za mwanzo za mshipi namba 8 zina uzito wa takriban gramu 13.6.

Nunua fimbo moja ya namba 9, yenye urefu wa futi 9, inayokatika vipande vinne. Namba 8 ni tamu zaidi kuirusha, lakini kolekole wa kadiri akikimbilia mwamba utaitamani ile kubwa zaidi. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, iwe ya baharini kweli, yenye breki iliyofungwa chumvi isipenye, na iweze kubeba angalau mita 150 za mshipi mwembamba wa akiba nyuma ya mshipi mkuu. Mshipi mkuu uwe wa kuelea, uliotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, kwa maana ule wa nchi za baridi hulainika kama tambi juani na hautapita kwenye pete za fimbo. Mbele yake funga nailoni ya urefu wa futi 9, ncha yake iwe ya kuhimili kilo 9 hadi 14, na uwe na vipande vya waya mwembamba kwa ajili ya mzia, kwani meno yake hukata nailoni kama wembe. Vitu hivi kwa kawaida huagizwa, kwa hiyo anza miezi minne kabla. Ukibana matumizi, bana kwenye fimbo na usibane kwenye rili.

Flai zenyewe unaweza kuzifunga mwenyewe Mwanza, na ninakusihi ujaribu. Iko moja iitwayo Clouser Minnow, iliyobuniwa na Mmarekani Bob Clouser miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki wa mtoni, ambayo leo hutumika karibu kila bahari. Siri yake ni macho mazito ya chuma yaliyofungwa upande wa juu wa shina la ndoano. Uzito huo huipindua flai ikaogelea ndoano ikiwa imeelekea juu, kwa hiyo hainasi kwenye nyasi na mawe. Manyoya ya shingo ya jogoo na singa za mkia wa ndama hufaa sana. Funga ishirini za nyeupe na kijani, na kumi za rangi ya mchanga, kwenye ndoano zisizoshika kutu haraka za namba 2 na 1/0, kisha ukibane kijino cha kila ndoano kwa koleo. Ndoano isiyo na kijino huchomoka kirahisi kwa samaki, na huchomoka kirahisi vilevile kwenye sikio lako.

Miwani ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji ni zana ya uvuvi sawa na fimbo. Bila miwani hiyo hutamwona samaki, na usipomwona utakuwa unarusha kwa kubahatisha. Rangi ya kahawia kwenye lenzi husaidia katika maji machache. Viatu viwe vya soli ngumu vinavyofunga kifundo. Kandambili zitabaki kwenye tope la mikoko siku ya kwanza.

Wiki nane za mazoezi kando ya ziwa

Hapa ndipo safari inapofaulu au inapoharibika, na hakuna anayeweza kukufanyia. Tenga dakika 20 kila siku kwa wiki nane, kwenye nyasi, si majini. Uwanja wa mpira wa shule, ukiruhusiwa, unatosha. Ondoa ndoano, ufunge kipande cha uzi wa sufu mahali pake.

Laza mita 8 za mshipi mbele yako zikiwa zimenyooka. Inua fimbo polepole, ongeza kasi, kisha isimamishe ghafla ikiwa imepita bega kidogo. Subiri. Mshipi unajikunjua nyuma yako na unahitaji muda wake. Geuka uutazame, haina aibu. Unapokaribia kunyooka wote, sukuma fimbo mbele kwa kasi inayoongezeka na uisimamishe tena ghafla. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, hukusubiri vya kutosha. Mshipi ukigonga nyasi nyuma yako, umesubiri mno au umeilaza fimbo kupita kiasi, na mara nyingi kosa ni kifundo cha mkono kinacholegea.

Mita 8 zikikaa sawa, nenda 12, kisha 15. Usihangaike na mita 25 za kwenye video. Weka ungo mita 12 kutoka uliposimama, ukajizoeze hadi uweze kuutia uzi wa sufu ndani yake mara saba katika kumi, kwa kuyumbisha mshipi hewani mara mbili tu kabla ya kuuachia. Samaki wa kwenye fungu anakupa sekunde chache, na anayeyumbisha mara sita atakuta samaki amekwenda.

Mwanza inatupa zawadi ambayo watu wa miji mingi hawana, nayo ni upepo unaogeuka. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alasiri hutoka ziwani kuja nchi kavu. Wiki nne za mwanzo fanya mazoezi asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu. Wiki nne za mwisho fanya alasiri, ukiukabili, ukiuacha ukupige mgongoni, na ukiuacha ukupige upande wa mkono unaorusha. Upande huo wa mwisho ndio wenye hatari, kwa kuwa huleta ndoano usoni, na dawa yake ni kugeuka na kuachia mshipi kwenye mrusho wa nyuma. Kofia na miwani vaa hata kwenye nyasi.

Kisha jifunze kunasa kwa mkono wa mshipi. Sisi sote tuliovua sato tukiwa watoto tunanyanyua fimbo samaki anapogusa, na baharini kunyanyua huko humwondolea samaki flai mdomoni. Weka ncha ya fimbo chini, ikigusa maji, na unapohisi uzito vuta mshipi kwa mkono wa kushoto kwa nguvu na kwa kunyoosha. Mwombe mdogo wako ashike ncha ya mshipi uwanjani na auvute ghafla wakati usiotazamia, tena na tena, mpaka mkono wako ujibu kabla ya fimbo.

Ukitaka kujaribu majini, rusha kutoka juu ya mwamba mkavu au ndani ya mtumbwi, wala usiingie ziwani kwa miguu kama utakavyoingia baharini. Kichocho kipo katika maji yetu ya ukingoni, na mamba wapo. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usivue huko. Sangara huipenda Clouser. Aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuchukuliwa, kwa hiyo mrudishe akiwa hai, na utakuwa umejizoeza pia jambo hilo.

Siku yenyewe kwenye maji

Mtafute nahodha mwenye ngalawa, mwenyeji wa hapohapo, hata kama unapanga kutembea mwenyewe. Nenda jioni kabla, umwamkie, uzungumze habari nyingine kwanza, kisha mkubaliane wazi: atakushusha wapi, atakuchukua wapi, saa ngapi, kwa kiasi gani, na samaki watakaobaki ni wa nani. Suala hili la mwisho wageni husahau. Katika kijiji kinachoishi kwa kitoweo, kumwachia samaki mkubwa aende zake bila maelezo huwashangaza watu, na wana haki ya kushangaa. Mimi hukubaliana na nahodha kwamba kolekole mmoja wa kadiri ni wa nyumbani kwake na wengine wanarudi majini, na sijawahi kupata ugomvi. Usimpangie kazi mchana wa Ijumaa, na katika mwezi wa Ramadhani usitarajie akusukumie chombo kwa upondo juani. Vijijini vaa suruali inayofunika magoti.

Fika kwenye fungu saa moja kabla ya maji kupwa kabisa. Saa hiyo ni ya kusoma: tembea, tazama mashimo ya kaa, ona mkondo unapopita, kwa sababu baada ya muda wa saa tatu vyote vitakuwa chini ya maji na utahitaji kuvikumbuka. Maji yakianza kurudi, simama kwenye ukingo wa mkondo, jua likiwa mgongoni, na uache kutembea. Tafuta kivuli kinachosogea kuliko kumtafuta samaki mwenyewe, na maji yanayotetemeka mahali ambapo pembeni yametulia. Ukimwona taa mkubwa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akitimua mchanga, tazama nyuma yake. Kolekole mara nyingi humfuata ili kula kinachokurupuka. Tupa flai mbele ya samaki kama mita mbili, iache izame kidogo, kisha vuta. Kwa kolekole vuta kwa mivuto mirefu ya haraka bila kupumzika, maana chakula kinachokimbia hakisimami. Akinasa, sahau samaki kwa sekunde moja na utazame mshipi uliolegea miguuni mwako, uhakikishe haukuzunguka kiatu wala kitasa cha rili.

Tembea kwa kuburuza miguu, ili taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka. Wapo pia samaki wanaofanana na jiwe, wenye miiba ya sumu mgongoni; akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, kwa saa moja hivi, na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto kwa ajili hiyo.

Kuhusu kurudi sina mzaha. Mkondo ulio kati yako na nchi kavu hujaa kabla ya fungu ulilosimama, kwa hiyo unaweza kuwa na maji ya magotini huku njia ya nyumbani imeshakuwa ya kuogelea. Kama ulivuka mkondo kwa miguu wakati wa kupwa, weka kengele ya simu ilie saa moja na nusu baada ya maji kugeuka, na ikilia ondoka, hata kama makundi ya samaki ndiyo kwanza yanaingia. Kaa mahali hapo kwa muda mrefu zaidi ikiwa tu ngalawa iko nawe, jaketi okozi likiwa limevaliwa wala halijakaliwa. Usivue peke yako.

Samaki wa kurudishwa mshike kwa mikono iliyolowa, usimtoe majini zaidi ya pumzi moja unayoweza kuizuia wewe, umwelekeze kwenye maji yanayotembea hadi ajitoe mwenyewe. Usikanyage matumbawe hai kwa ajili ya kumfikia samaki yeyote.

Bajeti ifuate maji pia. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na ukienda kwa basi tenga siku nzima ya kupumzika kabla ya kuendelea kusini. Fimbo ya vipande vinne huingia kwenye kibweta chenye urefu wa kama sentimita 75, hukaa nawe juu kwenye basi. Kwa ndege, ndoano na koleo ziweke kwenye mzigo mkubwa. Weka fedha ya siku mbili za ziada pembeni, kwa sababu chombo cha Nyamisati hakiahidi bahari iliyotulia.

Kila jioni osha rili, fimbo, koleo na flai zilizolowa kwa maji yasiyo na chumvi, ukiyamimina taratibu wala si kwa shinikizo, kwa maana shinikizo husukuma chumvi ndani. Sisi wa ziwani hatukuzoea kutu ya usiku mmoja, na ndoano niliyoisahau mfukoni Kilwa niliikuta asubuhi imebadilika rangi. Legeza breki ya rili, anika vyote kivulini. Kisha, kabla ya kulala, andika kwenye daftari mwezi mwandamo wa ngapi, maji yalipwa saa ngapi, samaki wa kwanza alionekana dakika ngapi baada ya maji kugeuka, na alitokea upande gani wa mkondo.